Kivuli cha Nguzo ya Kona

Siku walipoanza kubomoa Maduka ya Nguzo pale Same, nilivaa gauni langu la kanisani nikashuka kutoka Vudee kwenda kutazama. Mjukuu wangu aliniuliza kama nakwenda msibani. Nikamwambia ndiyo, ingawa shabaha yangu ilikuwa nyingine: nilitaka nifike kabla ya Zainabu. Nilimkuta ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara, mtandio wa kijani kichwani, na kikundi cha watu kimemzunguka kinacheka, maana yule mwanamke hata penye kubomolewa nyumba hakosi wa kucheka naye. Roho iliniuma papo hapo, vile vile ilivyokuwa ikiniuma nilipokuwa msichana wa miaka ishirini. Nilidhani mambo haya huisha uzeeni. Hayaishi. Kinachoisha ni magoti.

Kwa kuwa Maduka ya Nguzo hayapo tena, lazima niyaeleze. Lilikuwa jengo moja refu la mawe lililopakwa chokaa, bati moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na chini yake maduka yamepangana mlango kwa mlango. Shangazi yangu Namkunda alikuwa akisema lilijengwa mwaka niliozaliwa, mkoloni akiwa bado hajafungasha mizigo. Aliyelijenga alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeona kwamba treni inasimama Same, mabasi ya kwenda Moshi na Tanga yanasimama Same, na sisi watu wa mlimani tunashuka Same, kisha wote tunazunguka juani, sukari kwa huyu, misumari kwa yule. Akaweka kila kitu mahali pamoja: vitambaa, vipuri vya baiskeli, dawa, sabuni, mafuta ya taa, mgahawa wa chai na maandazi. Mbele ya maduka yote akatandika kibaraza kipana chenye nguzo, ili mtu atoke mlango wa kwanza hadi wa mwisho bila kuguswa na jua. Mtu asiyelijua jua la Same hawezi kuelewa jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Vijana leo wananiambia mol ni mambo ya kisasa. Sisi tulikuwa nayo, ila hatukujua kama ina jina.

Kila nguzo ilikuwa na fundi cherehani wake. Hakukuwa na kodi wala karatasi. Mwenye duka la vitambaa aliwaacha mafundi wakae kwa sababu mama akinunua kitenge ndani, anatoka nacho hatua chache na kupimwa hapo hapo. Lakini nguzo hazikuwa sawa. Kibaraza kilitazama magharibi, na ikifika mchana jua liliingia chini ya bati likawakuta mafundi magotini, kisha kifuani, kisha usoni. Nguzo ya kona peke yake ndiyo iliyobaki na kivuli kutwa nzima, kwa sababu pale jengo lilipinda na ukuta ukaikinga. Tena ilikuwa jirani na mlango wa vitambaa. Nguzo hiyo ilikuwa ya shangazi Namkunda tangu jengo lilipofunguliwa. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa niliteremshwa kwake kupimwa sare, na yeye, huku pini zimejaa mdomoni, alikuwa ananiambia nisimame wima. Alinifundisha kukata, kugeuza kola, kupiga pindo lisiloonekana. Hakuwa na mtoto. Mimi sikuwahi kufikiri hata siku moja kwamba kona ile itakuwa ya mtu mwingine.

Habari za baba na mama sitazileta hapa, zina mahali pake. Mwaka ninaousimulia ni ule ambao shangazi alipata mtoto wa jicho, akafunga cherehani yake na kurudi mlimani. Nilisubiri aniite aniambie, "Nenda." Hakuniita. Nikajiambia kwamba jambo lililo wazi halihitaji kusemwa. Kwetu Vudee maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, yana zamu, na zamu ina ukoo. Mzee akifa, mwanawe hangoji kuambiwa siku ya maji yake ni ipi, anachukua jembe anakwenda kufungulia. Nami nikachukua cherehani yangu ya kukanyaga, nikaipakia kwenye lori la tangawizi, nikashuka kwenda kufungulia zamu yangu. Pale konani, kwenye benchi la shangazi, nikamkuta msichana wa rika langu anatia uzi kwenye sindano huku akimsimulia mteja kisa. Mteja alikuwa anafuta machozi kwa kucheka.

"Karibu dada, una nguo ya kushona?" aliniuliza.

"Nina nguzo ya kukalia," nikamjibu. "Hiyo."

Huyo ndiye Zainabu. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akafia kambini huko huko bondeni, na mama akamfuata. Watu walimwita mtoto wa manamba, naye akiitwa hivyo alikuwa anaitika. Aliniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba kona amepewa na Bibi Namkunda mwenyewe. Sikuamini neno. Nikaweka cherehani yangu nguzo ya tatu, kwa hasira, nikaanza kumtazama. Nilimtazama mwaka mzima. Namjua Zainabu kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Alikuwa hashoni vizuri kunishinda, nasema hivyo mbele ya Mungu. Pindo zake zilikuwa za haraka. Lakini alikuwa na tabia ya kuchukua vipande vinavyobaki na kuviungaunga kuwa kofia ya mtoto, kisha anampa mteja bure juu ya nguo yake. Huo ulikuwa mwaka ambao rafu za maduka zilianza kubaki tupu, watu wanapanga foleni ya sabuni bila kujua kama sabuni ipo. Mtu aliyekosa sukari, sabuni na mafuta ya taa alikuwa anarudi nyumbani na kofia ya mtoto ya Zainabu. Kina mama walimsifu, "Chanda chema huvikwa pete." Nikisikia hivyo kule nguzo ya tatu, jua limenifika kifuani, sindano ilikuwa inanichoma kidole.

Nyuma ya maduka kulikuwa na vyumba vya kupanga kuzunguka ua wenye bomba moja. Changu na chake vilitenganishwa na ukuta ambao uliishia chini ya bati bila kulifikia, kwa hiyo harufu na maneno vilipita juu kama kwao. Nilijua anapika nini na anacheka na nani. Mimi nilikula makande yangu kimya. Yeye alikula perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wa kukaanga, alioletewa na mteja fulani aliyeshonewa suruali, na mafuta yale yalikuwa yananinukia hadi kwenye shuka. Nilimwonea wivu wa samaki. Nilimwonea wivu wa sauti yake, wa jina lake kuitwa na watoto uani, hata wa kikohozi chake, kwa sababu akikohoa lazima mtu amuulize kama anaumwa. Mimi nilikohoa wiki nzima na hakuna aliyeniuliza ila yeye.

Basi nikafanya ambalo Mpare hufanya akiumwa roho. Nikafungua shauri. Nilikwenda baraza la usuluhishi la kata nikadai kivuli cha nguzo ya kona, kwa urithi wa ukoo. Mama Ndeshi, Mchaga wa Rombo aliyekuwa na mgahawa wa chai, alicheka hadi akaweka birika chini. "Jamani watani zangu! Nimezoea kusikia Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Leo huyu hata kuku hana, anashitaki kivuli!" Nilimwambia acheke tu, nitamkaribisha siku ya hukumu. Sikuona kichekesho chochote. Hata sasa, nikilifikiria shauri lile, naona lilikuwa shauri zuri.

Wazee wa baraza walimwita shangazi aje kutoa ushahidi. Nilifagia chumba, nikaazima godoro la pili, nikapika makande yenye nazi, kitu ambacho kwetu si cha kila siku. Basi lililomleta lilifika jua likielekea kuzama. Nikampokea mzigo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekonda." Akanigusa uso kwa vidole, kwa kuwa macho yalikuwa hayaoni vizuri. Kisha akasema, "Nitalala kwa Zainabu. Kwako nitakula kesho."

Nilikaa kitandani kwangu na sufuria ya makande mapajani. Upande wa pili nilisikia kiti kikiburutwa, maji yakimiminwa ya kunawa, shangazi akisifu samaki. Walizungumza Kiswahili, maana Zainabu hakujua Chasu, Kipare chetu, na Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha taratibu, chenye lafudhi ya mlimani, kila neno likisimama peke yake. Sikutega sikio. Sikio lilikuwa limeshategwa na fundi aliyejenga ukuta mfupi.

"Bibi," Zainabu alisema, "kesho semeni ni yake. Mimi nitahama, nitakaa hata kule mwisho. Nakijwa ni damu yenu."

"Kula samaki," shangazi akasema.

"Anashona kunipita, Bibi. Mimi naona."

"Anatupita wote wawili. Mkono ule nilimtia mimi mwenyewe." Sahani ikasogezwa. "Sikiliza. Nakijwa akishindwa hapa mjini atapanda mlima, atakuta shamba, atakuta zamu ya maji, atakuta mama yake amekaa jikoni. Wewe ukishindwa utapanda wapi? Mkonge si wa baba yako."

Shangazi hakuwahi kunisifu usoni hata mara moja, na sasa sifa niliyoingojea tangu utotoni nilikuwa naisikia ikipelekwa chumba cha pili. Ilinichoma kuliko tusi. Nilitamani ningekuwa mimi niliyefiwa na wazazi kambini, ili nipewe ile kona. Wazo hilo ni baya, nalijua, lakini ndilo lililonijia, na wivu haujali umekanyaga nini. Na lililoniudhi zaidi ni Zainabu kutaka kuniachia. Angeng'ang'ania ningemheshimu. Nilikula makande yote peke yangu, yamepoa, hadi tumbo likauma.

Mtu atauliza kwa nini sikufuta shauri asubuhi yake, ilhali nilishajua shahidi wangu atasema nini. Aulizaye hivyo si wa kwetu. Shauri likishafunguliwa halifutwi kwa sababu unaelekea kushindwa. Unakwenda kushindwa mbele ya watu. Nikasimama nikaeleza habari za ndiva, na zamu, na ukoo, nikamaliza kwa kusema damu ni nzito kuliko maji, na kivuli pale Same ni sawa na maji. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Shangazi akasimamishwa. Akasema, "Maji tuliyachimbia sisi, babu zetu walibeba mawe ya ndiva kwa mabega. Kivuli kile hatukukijenga. Nilikikuta. Mtu aliyekuta kitu anampa anayekihitaji. Nimempa Zainabu." Alisema kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Kisha akasema kwa Chasu, polepole, akigeukia upande aliodhani nimesimama, kwamba nisimkasirikie. Nilikuwa nimesimama upande mwingine.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtu makini sana. Hakutaka kuhukumu kitu ambacho hajakiona, akaamuru kesho yake twende wote eneo la mgogoro. Basi wazee wale wakakaa kwenye mabenchi chini ya kibaraza, kofia magotini, wakatazama kivuli. Walikitazama tangu asubuhi. Mama Ndeshi aliuza chai siku hiyo kuliko siku ya gulio. Ilipofika saa saba jua likaanza kuingia chini ya bati, mzee mmoja akavuta miguu, mwingine akahamia kona, kisha wa tatu, hadi baraza zima likawa limejibana konani na mwenyekiti amekaa juu ya meza ya cherehani ya Zainabu. Hapo ndipo walipoielewa kesi. Wakanong'onezana. Hukumu ilitolewa pale pale: kwa kuwa mdai ameleta hoja ya zamu, na hoja ni nzuri, kivuli kitakuwa na zamu. Asubuhi ni ya Zainabu. Kuanzia saa saba ni ya Nakijwa. Kila mmoja ampishe mwenzake bila maneno.

Fikirieni vizuri, mtaona kwamba nilishinda. Asubuhi kibaraza kizima kina kivuli, kukaa konani ni heshima tu. Mchana ndipo kona ina maana, na mchana ulikuwa wangu. Kila siku saa saba nilibeba cherehani yangu kutoka nguzo ya tatu, naye akabeba yake kwenda pale nilipotoka, tukapishana katikati bila maneno kama tulivyoamriwa. Nilikaa kwenye benchi la shangazi. Lilikuwa bado na joto la Zainabu, na sakafu imefagiwa, hata uzi mmoja hakuniachia. Nilingoja wateja. Wateja wakaupita mlango wa vitambaa, wakanipita mimi na kivuli changu, wakaenda kusimama juani nguzo ya tatu, mtu na kitambaa chake kichwani kujikinga, wanasubiri Zainabu amalize kisa. Mimi niliketi kwenye ubaridi wangu wa halali nikapiga pindo zisizoonekana kwa wachache waliopenda pindo. Tuliendelea hivyo mwaka ule, na mingine iliyofuata, hadi mitumba ikaingia kwa marobota na watu wakaacha kushonesha. Nguzo moja baada ya nyingine ikabaki tupu. Nilikuwa wa mwisho kuondoka isipokuwa mmoja. Nikapanda mlima. Nikakuta shamba, nikakuta zamu ya maji, nikamkuta mama jikoni, kama alivyosema. Kuna watu wanaona faraja mkubwa wao akithibitika kusema kweli. Mimi nililia kwa hasira nyuma ya zizi.

Zainabu alibaki. Maduka yaligeuka ya redio, kisha ya kanda, kisha ya simu na vocha, bati likatoboka likazibwa, na yeye alikuwepo konani anageuza kola, anapunguza viuno vya mitumba. Kwa hiyo siku ya kubomoa, mwenye jengo, kijana aliyelinunua kwa warithi wa yule Mhindi, alisimama mbele yetu wazee akasema ujenzi ukiisha kutakuwa na kibaraza kidogo pale konani, na anataka fundi mmoja wa zamani akae bure, kwa kumbukumbu. Akauliza, "Hii kona ilikuwa ya nani hasa?" Watu wote wakamgeukia Zainabu. Yeye akajishika kwenye kiti, akasimama, akasema, "Ya Nakijwa. Ilikuwa ya shangazi yake."

Yalikuwa maneno yale yale niliyokwenda kuyadai barazani, na nilikuwa nimeyangoja tangu ujana wangu. Shangazi alikufa hajayasema. Watu walipiga makofi, nami nikatabasamu nikashukuru, na ndani roho inanisokota, kwa sababu hata hilo alikuwa nalo yeye la kunipa.

Jengo jipya limesimama sasa, lina vioo, lina ngazi za marumaru, lina mlinzi anayenisalimia shikamoo bibi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza nililala kwa mjukuu wangu mwingine anayeishi hapo hapo Same, nikawahi asubuhi na cherehani yangu iliyopakwa mafuta. Kona ilikuwa na kivuli. Benchi lilikuwa jipya. Nilipoketi, ubaridi wake ukaniingia hadi mgongoni, nikasimama nikalipapasa kwa mkono, sijui nilikuwa natafuta nini. Nikakaa tena. Hakuja mtu. Baadaye nikasikia kicheko. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli uliochanika, juani, Zainabu alikuwa na cherehani yake na kina mama watatu wamesimama wamejikinga kwa khanga.

Nikavuka barabara. Dereva wa bodaboda alinipigia honi, nikamwambia apige tena.

"Zainabu. Mbona umekaa juani?"

"Nimelizoea, ndugu yangu."

"Baraza la kata lilihukumuje?"

Akaniangalia. Macho yake nayo yameanza ukungu, kama ya shangazi. "Asubuhi yangu," akasema. "Kuanzia saa saba yako."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Haijafika hata saa nne."

"Basi kwa nini unanikalisha kwenye zamu yako? Unataka niwe nimevunja hukumu, unishitaki uzeeni?"

Alicheka hadi akashika mbavu, na wale kina mama wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Tukambebesha mlinzi cherehani ya Zainabu hadi konani. Mimi nikaenda kunywa chai, nikakaa huko makusudi. Saa saba kamili nilirudi, akanipisha bila maneno, akahamia nje na mwavuli wake. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Niliketi, benchi lina joto. Wateja wote wakamfuata juani. Roho ikaniuma kweli kweli, nikatia uzi kwenye sindano, nikaanza kushona.